Mweleze Msusi Yaliyopita Kichwani Mwako Kabla Hajakoroga Rangi

Hotuba kwa akina mama na wasichana, mtaa wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa karibu na mlango, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za alasiri mkaja kunisikiliza. Wenye nyumba hii Mungu awazidishie, kwa kutukaribisha katika kiwanda hiki, ua huu wa ndani ya nyumba wenye kivuli na upepo. Nimekuwa msusi kwa miaka 22, na nimewaona wanawake wengi wakilia mbele ya kioo. Wachache katika hao walilizwa na rangi mbovu. Wengi walilizwa na jambo ambalo mteja hakulisema na msusi hakuliuliza, na hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Msimu wa harusi umeshabisha hodi, na simu zenu zimejaa picha. Najua, kwa sababu picha hizo huletwa kwangu. Binti huketi kitini, hufungua simu, hunionyesha nywele zenye rangi ya asali, kisha husema, "Halati, nataka hizi." Swali la kwanza ninalomuuliza humshangaza, kwa kuwa halihusu picha hata kidogo. Humuuliza, "Mara ya mwisho ulipaka hina lini?" Hucheka akadhani namtania. Simtanii. Picha ile ni mwisho wa safari ya kichwa cha mtu mwingine, na hatujui alianzia wapi, aliketi kitini mara ngapi, wala taa gani ilimmulika alipopigwa. Kichwa kilicho mbele yangu kina safari yake, na rangi nitakayoipaka haitaangukia picha, itaangukia safari hiyo.

Naomba kwanza tuutazame unywele wenyewe, maana asiyejua ulivyoumbwa hawezi kujua unavyoharibika. Unywele mmoja, ukiwekwa chini ya hadubini, huonekana una ngozi ya nje ya magamba membamba yaliyolaliana kama makuti juu ya paa, moja juu ya jingine, ncha zote zikielekea mwisho wa unywele. Chini ya makuti hayo ndipo ulipo mwili wa unywele, na humo ndimo Mwenyezi Mungu alimotia rangi, ambayo wataalamu huiita melanini. Iko ya aina mbili, moja ya weusi na kahawia, nyingine ya wekundu na manjano. Sisi tumejaaliwa ile ya kwanza kwa wingi, lakini ukiiondoa, wekundu uliokuwa umejificha nyuma yake hujitokeza. Kwa hiyo nywele nyeusi zikianza kupauka kwa dawa hugeuka nyekundu na rangi ya chungwa kabla ya kufika kwingine, na msusi hana namna ya kuiruka hatua hiyo.

Wasusi hupima kina cha rangi kwa namba kutoka 1 hadi 10. Moja ni nyeusi tititi, na kumi ni manjano hafifu inayokaribia weupe. Nywele zetu nyingi ziko kati ya 1 na 3. Ile picha ya asali iko 7 au 8. Hesabuni wenyewe ngazi zilizo katikati, na mjue kwamba kila ngazi hupandwa kwa kuuvua unywele sehemu ya nguvu zake.

Zipo rangi zinazokaa juu ya makuti tu, zikaondoka baada ya kuoshwa mara moja au mbili. Zipo zinazopenya kidogo chini ya makuti, zikafifia baada ya wiki kadhaa. Hizi mbili haziwezi kuufanya unywele mweusi uwe mwangavu. Zinachoweza ni kuuongezea wekundu kidogo juani, au kuuzidisha weusi. Mwenye kutaka kujaribu, naomba aanzie hapa.

Rangi ya kudumu ina habari yake. Mwaka 1907 mkemia Mfaransa, Eugène Schueller, alitengeneza mojawapo ya rangi za mwanzo za nywele zilizotoka maabara, na namna zinavyofanya kazi mpaka leo haijabadilika sana. Msusi hukoroga vitu viwili papo hapo: krimu yenye chembe za rangi changa pamoja na amonia, na maji ya haidrojeni peroksaidi, ambayo saluni huyaita devulopa. Amonia huinua makuti. Chembe huingia zikiwa ndogo na hazina rangi, hukutana na peroksaidi humo ndani, hushikamana, zikawa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka kwenye mlango zilioingilia. Ndiyo sababu sabuni haiziondoi. Na pakiti iliyoandikwa kwamba haina amonia isikupumbaze, kwa kuwa mara nyingi hutiwa kitu kingine cha kuyainua makuti, na peroksaidi iko pale pale.

Nguvu ya devulopa huandikwa kwenye chupa, na una haki ya kuiomba uisome. Ya asilimia 3 huandikwa 10, ya asilimia 6 huandikwa 20, ya asilimia 9 huandikwa 30, na ya asilimia 12 huandikwa 40. Ya 20 ndiyo ya kawaida kwa kufunika mvi, na huinua ngazi moja au mbili. Ya 40 ni kali mno. Nikimwona msusi anaikoroga ili aipake kwenye ngozi ya kichwa cha mtu, ningemshika mkono nimzuie.

Sasa kuna kanuni moja ambayo nawaomba mtoke nayo hapa: rangi haiinui rangi. Mtu aliyejipaka nyeusi ya pakiti mwezi wa Rajabu, kisha Shaaban akatamani kahawia, huja akiamini kwamba kahawia ikipakwa juu itashinda. Haishindi. Rangi mpya ya kudumu inaweza kuinua kidogo weusi wa kuzaliwa, lakini weusi uliotiwa kwa rangi haiwezi kuuinua. Hapo hutakiwa blichi, na blichi haitii rangi yoyote. Kazi yake ni kula ile iliyopo. Hupita kwenye kahawia nyekundu, ikaingia nyekundu, ikafika rangi ya nyama ya embe bivu, halafu manjano, halafu manjano hafifu. Wengi wetu tukifika kwenye embe, unywele unakuwa umeshachoka. Kinachofuata ni tona, rangi laini ya kuzima kilichozidi: buluu huzima chungwa, zambarau huzima manjano, kijani huzima wekundu. Kwa hiyo ukimwona msusi anakupaka kitu cha zambarau kichwani, usitaharuki.

Ushauri wangu, na ni maoni yangu mimi, ni kwamba nywele zetu hupendeza zaidi zikisimamishwa mapema njiani. Kahawia ya tende, shaba, mdalasini, hizi hupatikana kwa ngazi mbili tatu, na bibi harusi akifunguliwa mtandio chini ya taa huonekana kama mwanga unatoka ndani ya nywele zenyewe.

Kuhusu namna za kupaka, nitasema machache. Kichwa kizima kikipakwa, sehemu ya sentimita moja iliyo karibu na ngozi huachwa hadi mwisho, kwa sababu joto la kichwa huiharakisha, na isipoachwa mizizi hung'aa kuliko ncha. Hailaiti ni vishungi vyembamba vinavyochaguliwa, vikapakwa na kufungwa ndani ya foili. Balayaji, jina lililotoka kwa Wafaransa kwa maana ya kufagia, ni kupaka kwa brashi bila foili, mkono ukifagia kutoka katikati kushuka kwenye ncha, mizizi isiguswe. Ombre nayo huanza na weusi juu, ikaangaza pole pole kuelekea chini. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Mwenye kupaka kichwa kizima atarudi saluni kila wiki sita hivi, na mwenye balayaji anaweza kukaa miezi mingi bila mstari kuonekana. Kwa mwanamke wa hapa, ambaye nywele zake anazifungua nyumbani na kwenye shughuli za wanawake, naona hizi mbili za mwisho zina faida kubwa zaidi kwa pesa yake.

Nimefika kwenye hina, na hapa nitakaa.

Majani ya mhina yana chembe inayoshikamana na keratini, yaani ile protini iliyoujenga unywele na kucha. Haiinui makuti wala haiondoi weusi. Kwenye nywele nyeusi huacha wekundu unaoonekana juani, na kwenye mvi huacha chungwa kali, kama tunavyoiona kwenye ndevu za wazee wetu wakitoka msikitini. Bibi zetu waliitumia kwa ndimu na chai ya rangi, wakaiacha masaa, na nywele zao zilikuwa nene mpaka walipofariki. Sina neno baya la kusema juu ya hina safi. Nataka tu mjue kwamba haitoki. Kila ukipaka huongeza tabaka, na blichi ikikutana nayo mara nyingi hukwama kwenye chungwa, ikakataa kwenda mbele. Ukilazimisha, unywele hukatika. Na kwa kuwa nywele hukua sentimita moja kwa mwezi, nywele ambazo ukizinyoosha zina sentimita 36 zimebeba kumbukumbu ya miaka mitatu. Hina uliyopakwa na bibi yako kwa ajili ya Idi ya mwaka juzi bado iko nawe.

Lakini hiyo ni hina safi. Mhina hautoi weusi. Pakiti iliyoandikwa hina nyeusi, na hata ile ya kahawia iliyokolea, ina kitu kingine: pengine nili, ambayo nayo ni mmea, pengine rangi ya kemikali, pengine chumvi za madini. Chumvi hizi za madini ndizo zinazonitisha zaidi zinapokutana na peroksaidi.

Mwaka mmoja aliletwa kwangu binti siku tatu kabla ya harusi yake. Alitaka rangi ya asali. Nikamuuliza kuhusu hina, akasema hapaki. Mama yake aliyekuwa amekaa pembeni akasema, "Si ile ya pakiti uliyoletewa na shangazi yako?" Binti akanyamaza. Nikakata uzi mdogo wa nywele zake kutoka nyuma ya shingo, nikaufunga kwa uzi wa kushonea, nikautumbukiza ndani ya bakuli la kioo lenye peroksaidi na matone ya amonia. Haikupita dakika tano mapovu yakaanza kupanda kando ya uzi ule kama maji ya wali yanayotaka kuchemka. Nikamwambia binti aguse bakuli kwa nje. Lilikuwa limepata moto, na hapakuwa na moto wowote chini yake. Nilipoutoa uzi na kuuvuta kidogo, ulinyooka kama utomvu, ukakatika vidoleni mwangu. Sote watatu tuliutazama bila kusema neno. Kingekuwa kichwa kizima, angeolewa bila nywele. Tulimpaka mafuta, tukamsuka vizuri, tukampamba kwa asmini, na alipendeza.

La pili ni piko. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu mimi mwenyewe limenifika.

Piko tunayochorwa mikononi na miguuni, ile nyeusi inayokolea kwa muda mfupi, kwa kawaida hutengenezwa kwa rangi ya nywele ya unga. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti mtaiona kwa herufi PPD. Sheria za Ulaya huiruhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na haziruhusu ipakwe kwenye ngozi kabisa. Piko inayokorogwa nyumbani haipimwi na mtu. Mwili ukikutana nayo ikiwa nyingi, huenda ukaikataa, na ukishaikataa mara moja huikataa maisha.

Nilichorwa piko kwenye harusi ya mdogo wangu. Baada ya siku chache ua lililokuwa kwenye kifundo cha mkono lilianza kuwasha, kisha likavimba, jani kwa jani, hata usiku taa zikiwa zimezimwa niliweza kulifuata kwa kidole kama maandishi. Nilipona, nikasahau. Baada ya miaka miwili nilipakwa rangi nyeusi ya nywele katika saluni moja ya mjini mbali na hapa. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi, msusi mzima, sikusema kitu, kwa sababu sikujua kwamba mkono na kichwa vina uhusiano. Asubuhi yake niliamka nikadhani bado ni usiku. Kope zilikuwa zimevimba, macho hayafunguki. Mume wangu alinishika mkono kunipeleka hospitali kama mtu anayemwongoza kipofu. Daktari alinichoma sindano, akanipa vidonge, na akaniambia kwamba kama koo lingevimba kama lilivyovimba paji la uso, mazungumzo yangekuwa mengine. Tangu siku hiyo sijagusa rangi nyeusi ya aina hiyo bila glavu, na kichwani mwangu haitapakwa tena.

Kwa hiyo mwenye kuwahi kuwashwa au kuvimba kwa piko, hata iwe ni zamani alipokuwa mtoto, aseme mara tu anapoingia saluni. Huyo asipakwe rangi yenye PPD, na jaribio asifanye bila kumwona daktari kwanza. Wengine wote, jaribio ni lazima kila mara, hata kama rangi ni ile ile ya mwaka jana, kwa kuwa mwili hubadilika. Msusi hupaka tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kikunjio cha kiwiko, kwa namna ilivyoelezwa kwenye pakiti, na mtu hungoja saa 48. Maana yake ni kwamba anayetaka kupakwa Alhamisi aje Jumanne. Ikiwasha, ikiwa nyekundu, au ikivimba, habari imekwisha. Msusi anayekwambia kwamba jaribio ni kupoteza wakati, mshukuru kwa maji uliyokunywa na uondoke.

Rangi ya nywele isipakwe kwenye nyusi wala kope, hata kama imebaki kidogo bakulini na inaonekana ni hasara kuimwaga. Mjamzito, ingawa kinachopenya kwenye ngozi ya kichwa ni kidogo, madaktari wengi humshauri angoje mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite, na mimi naliona ni shauri la busara.

Wale wenye nywele za dawa, nanyi mna yenu. Dawa ya kunyoosha nywele hufanya kazi kwa kuvunja viungo vya ndani vya unywele, na ukali wake ni mkubwa hata inaweza kuunguza ngozi. Kupaka dawa na rangi ya kudumu siku moja ni kuupiga unywele mara mbili kabla haujasimama. Acheni zipite wiki mbili angalau, na dawa itangulie rangi. Blichi juu ya nywele za dawa mimi siipaki. Nimeshapoteza wateja kwa sababu hiyo, na wengine walirudi baadaye, nywele zimekatika usawa wa masikio.

Niliulizwa juzi kuhusu udhu. Hukumu ni ya masheikh, na nawaomba muwaulize wao. Ninachoweza kuwaeleza ni jinsi kitu kinavyokaa, ili swali lenu liwe sahihi. Hina na rangi ya kudumu huingia au hushikamana na unywele wenyewe, hazibaki juu kama utando. Zile za kupulizia na za nta hukaa juu, na zingine ukizikwangua kwa ukucha unaona zinatoka kama unga. Mweleze sheikh ni ipi kati ya hizo.

Na kuhusu maji. Wengi wetu tunaosha kwa maji ya kisima yenye chumvi, na wengine wanaogelea Shela. Chumvi na jua huifanya rangi ipauke upesi, hasa nyekundu. Osheni mara chache, suuzeni kwa maji matamu mkiyapata, na zipakeni ncha mafuta kabla ya kuingia baharini.

Basi mtakapokwenda saluni, kwangu au kwa mwingine, ichukueni picha, hakuna ubaya. Lakini kabla ya kuitoa simu, elezeni: nilipaka hina mwezi fulani, ya majani au ya pakiti, nilipaka nyeusi mwezi fulani, nywele zangu ni za dawa au hazina, niliwahi kuvimba kwa piko. Pakiti kama bado ipo, njooni nayo. Kisha muulizeni msusi nywele zangu ziko ngazi ya ngapi, utatumia devulopa gani, na je, utakata uzi mmoja uujaribu kwanza? Asiyekuwa na majibu ya maswali hayo matatu hajawa tayari kushika kichwa chako.

Pale mezani, karibu na mtungi, nimeweka mabakuli sita ya kioo, glavu, uzi wa kushonea na mkasi. Aliye na wasiwasi na hina yake aje tukate nywele chache kutoka nyuma ya shingo, pasipoonekana, tuandike jina lake kwenye karatasi chini ya bakuli, tuziache nusu saa. Wasichana, milango imefungwa na wanaume hawapo, fungueni mitandio. Anayetaka kuwa wa kwanza na asogee.